Moyo wa Tajiri Kama Kigezo: Usawiri wa Mfanyabiashara Mwanasiasa Ukisomwa Kutoka Kintinku

Masimulizi ya Kiswahili kuhusu tajiri anayeingia katika siasa yamezoea kumhukumu mhusika huyo kwa moyo wake. Akiwa dhalimu huangushwa, akiwa karimu husifiwa. Uhakiki huu unashikilia kwamba kigezo hicho, pamoja na mvuto wake wa kisanaa, kinaliacha kando swali la uhusiano kati ya mtoaji na mpiga kura.

Upande wa anguko unawakilishwa vyema na Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Bwana Maksuudi anatafuta heshima ya kisiasa hadharani ilhali nyumbani ni mkandamizaji, na mali yake ina doa la dhuluma aliyomtendea Mwanasururu. Riwaya inafaulu mno inapozitumia kuta za nyumba kuufichua uongo wa jukwaani. Katika hili ni vigumu kuipata iliyoipita. Hata hivyo, Maksuudi anapoishia katika ufukara, msomaji hupewa fidia ya kimaadili, naye huridhika. Utaratibu uliomwezesha tajiri kupanda jukwaani hauguswi.

Maisha ya Mohammed Dewji hayaingii katika umbo hilo. Alizaliwa Singida mwaka 1975, akasoma Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani, akarejea katika biashara ya familia, MeTL, kisha akawa mbunge wa Singida Mjini kwa tiketi ya CCM kuanzia 2005 hadi 2015, alipoacha kugombea. Hakuna anguko hapa. Wanaoyasimulia maisha hayo huyajaza visima, elimu na misaada, na hakuna sababu ya kuudhania ukarimu huo kuwa wa uongo. Tatizo ni la kiusimulizi: kila kisima kinachotajwa kina jina la mtu mmoja, na mwananchi anayechota maji anabaki mhusika bapa ambaye kazi yake ni kushukuru.

Sheria na miiko vimelitazama jambo hili kwa jicho kali kuliko fasihi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, bila kuuliza kama ni mwema. Miiko hiyo ilipolegezwa Zanzibar mwaka 1991, mhusika wa aina ya Dewji akawezekana. Mwaka 2000 marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi yakaruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. (Neno lilichaguliwa kwa ustadi: nani atathubutu kuupinga ukarimu?) Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, ikiona kwamba vinambagua mgombea wa kipato cha chini. Mahakama haikuupima moyo wa mtoaji. Ilimtazama yule asiye na cha kutoa, mhusika ambaye wasifu wa matajiri haumtaji na ambaye hata Utengano haimpi nafasi ya kushindana na Maksuudi.

Ukiyasoma masimulizi haya kutoka Kintinku, pengo hilo linaonekana zaidi. Kintinku imo mkoani Singida, lakini katika Wilaya ya Manyoni, kwenye Reli ya Kati na barabara ya Dodoma, nje kabisa ya jimbo la Singida Mjini. Sifa za mbunge tajiri huvuma mkoa mzima. Wajibu wake wa kisheria uliishia mpakani mwa jimbo. Huku, katika nchi kame ya Wagogo, maji yanahusishwa na mradi wa Kintinku–Lusilile, uliokusudiwa vijiji 11 kwa fedha za umma. Mradi huo hauna shujaa, na pengine ndiyo sababu haujapata msimulizi. Bomba likikauka, mkazi ana haki ya kumhoji diwani, mbunge wake na RUWASA, wala hadaiwi shukrani na yeyote kati yao.