Hakimiliki kwa Gredi ya 8: Waanze na "Malaika"

Mwalimu wa Mboghoni, Taveta, anayetafuta mtandaoni somo la hakimiliki la kuwafaa wanafunzi wa gredi ya 8 atakuta mengi yametungwa Marekani. Humfundisha mtoto kupima mambo manne: ametumia kazi ya mwenzake kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, amechukua kiasi gani, na soko la mwenyewe litaathirika vipi. Ni maswali mazuri, ila yametoka katika sheria ya Marekani ya 1976, na Taveta haiko Marekani.

Sheria yetu ya Kenya ya Hakimiliki ya 2001 ilisukwa kwa namna nyingine. Yenyewe hutaja shughuli zinazoruhusiwa: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki, na kuripoti matukio, mradi chanzo kitajwe. Isome orodha hiyo polepole, utaona kufundisha hakumo. Shule zimewekewa vifungu vyake kando, na ni vyembamba. Anayekusanya maandishi kwa ajili ya kitabu cha shule, kwa mfano, haruhusiwi kuchukua zaidi ya dondoo mbili fupi kutoka kazi moja, na sharti aandike jina la kazi na la mtunzi. Basi ile kauli iliyozoeleka ya "ni ya masomo tu, haina shida" si kinga. Kumtolea kila mwanafunzi kopi ya riwaya nzima ni kumnyima mwandishi riziki yake, na watoto waambiwe hivyo waziwazi.

Mfano bora wa kufundishia uko nyumbani. Fadhili William, aliyerekodi wimbo wa "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizaliwa Taita Taveta hii hii, akafariki 2001. Mwalimu aandike ubaoni: haki ya utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi, kisha miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Watoto wamchukue Fadhili kuwa mtunzi, wajumlishe wenyewe, watapata mwisho wa 2051. Rekodi nayo ina haki yake peke yake, ya miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Muda wa rekodi ya Fadhili umekwisha. Ile ya kundi la Boney M ya 1981, kwa hesabu ya sheria yetu, itafika mwisho wa 2031. Wimbo ni mmoja, tarehe ni tatu.

Hapa pasiharakishwe, kwa kuwa utunzi wenyewe umegombaniwa. Mtanzania Adam Salim ni miongoni mwa waliodai kuwa wao ndio waliotunga. Dai la namna hiyo likithibitika, 2051 inafutika ubaoni, maana hesabu hufuata kifo cha mtunzi, si cha mwimbaji. Mtoto akilielewa hilo ataona kwa nini aandike jina lake na tarehe chini ya shairi lake. Sheria humpa haki pindi anapoliandika. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si lazima, ila humpa ushahidi siku ya ugomvi.

Kisha wapewe kazi ya mikono: video ya Ziwa Jipe iliyopigwa kwa simu, ikisindikizwa na "Malaika". Wakiweka rekodi ya Boney M, waombe ruhusa ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Wakiimba wenyewe, ya rekodi haihitajiki tena, lakini ya utunzi bado inahitajika. Kundi moja liandike barua ya kuomba, jingine liandike ya kujibu.