Uzi, rula na magurudumu ya nyuma

Usukani ukikaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja, wengi hukimbilia magurudumu ya mbele. Impreza ya miaka ya 2000 iliyopimwa uani kwa jirani yangu ilikuwa imetoka gereji, mbele pamenyooshwa vizuri tu. Kasoro ilikuwa nyuma. Magurudumu ya nyuma hayana usukani, kwa hiyo yakitazama kando, dereva ndiye anayelipa kwa kushikilia usukani upande.

Vifaa vilikuwa mshipi wa kuvulia samaki, mabomba mawili ya alumini na rula ya chuma. Wengi hufunga uzi kwenye stendi zilizosimama sakafuni. Njia hiyo ni sahihi, ila gari likisogea kidogo, unaanza upya. Jirani aliyafunga mabomba kwenye gari lenyewe, moja mbele ya bampa, jingine nyuma ya buti, yote mawili yakiwa na vijino vilivyoachana sawasawa. Nyuzi zikawa sambamba zenyewe. Kilichobaki ni kusogeza kila bomba hadi umbali kati ya uzi na kitovu cha gurudumu la kushoto ulingane na wa kulia. Unalinganisha kushoto na kulia, kamwe si mbele na nyuma: upana wa ekseli mbili hutofautiana kwa milimita kadhaa, na anayelazimisha ulingane huupindisha uzi kabla hajapima chochote.

Faida ya uzi unaosafiri na gari ilionekana kwenye ringi. Ringi iliyopinda kidogo inaweza kudanganya milimita nzima. Akapima, akasukuma gari hadi gurudumu lizunguke nusu, akapima tena na kuchukua wastani.

Kushoto, ukingo wa mbele wa ringi ulikuwa mbali na uzi kuliko wa nyuma kwa milimita 4, yaani gurudumu lilitazama ndani. Kulia, sifuri. Kwenye ringi ya inchi 16, milimita 1 ni takriban digrii 0.13. Ekseli hufuata wastani wa magurudumu yake, kwa hiyo nyuma ilisukuma kuelekea kulia kwa robo digrii hivi. Zidisha kwa uwiano wa usukani, tuseme 15 kwa 1: usukani unakaa kulia karibu digrii 4.

Marekebisho yako kwenye mkono wa nyuma kati ya mikono miwili ya kukingama inayoshikilia gurudumu: bolti yenye kisahani ambacho tundu lake haliko katikati. Kazi nyingi za nyumbani hukwama hapa. Gari lililopita kwenye chumvi ya barabara za theluji za Japani huweza kuja na bolti iliyogandana na chuma cha ndani cha bushi. Nati inafunguka, bolti haizunguki, ukilazimisha unachana mpira. Hii ilikubali baada ya kulowekwa mafuta usiku kucha. Isiyokubali hukatwa kwa grainda.

Alilenga milimita 1 ndani kila upande, nami naona ni sawa, kwani nyuma ikitazama nje gari huyumba mkia wakati wa breki. Matairi yalisimama juu ya vigae viwiliviwili vyenye grisi katikati ili yateleze, na nati zikakazwa uzito wote ukiwa chini. Bushi iliyokazwa gari likining'inia kwenye jeki hubaki imejipinda na huchanika mapema.

Mbele hapakuguswa. Gereji ilipanyoosha kwa kufuata bodi, na sasa nyuma nako kunafuata bodi hiyohiyo.