Giza la Pini ya DNA

Makohozi yanachanganywa na dawa, yanaachwa yalainike, kisha yanatiwa kwenye katriji na katriji inaingia kwenye mashine ya GeneXpert. Kabla saa mbili hazijapita, mtu wa maabara anajua mambo mawili: kama mna bakteria wa kifua kikuu, na kama bakteria hao wana usugu kwa dawa ya rifampisini. Kinachompa jibu ni vipande vifupi vya DNA vilivyokunjwa kama pini ya nywele.

Pini hizo zilielezwa mwaka 1996 na Sanjay Tyagi na Fred Kramer wa New York. Chukua uzi mmoja wa DNA. Zipange herufi tano hadi saba za mwanzo zioane na zile za mwisho, ili ncha mbili zishikane ziwe shina. Katikati panabaki kitanzi cha herufi ishirini hivi. Ncha moja fungia rangi inayong'aa ikimulikwa. Nyingine, kemikali inayoumeza mwanga huo. Shina likiwa limefungwa, rangi na kemikali vimekaa bega kwa bega na pini ni giza. Kitanzi kikikutana na uzi unaooana nacho, vinashikamana, vinakakamaa na kunyooka, shina linaachana, na mwanga unatoka.

Ufundi wenyewe umo katika lile shina. Uzi ulionyooka hunasa hata mahali penye herufi moja iliyokosewa. Pini ni ngumu zaidi kudanganywa, kwa kuwa shina na kitanzi vinavutana kamba: herufi zote zikioana, kitanzi kinashinda, moja ikikosea, na joto likiwa limechaguliwa vyema, shina linabaki limefungwa.

Katriji ya kwanza ya kifua kikuu, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, iliutumia mvutano huo kwa akili. Usugu kwa rifampisini karibu wote hutokana na mabadiliko katika kipande cha herufi 81 cha jeni ya rpoB. Pini tano za rangi tofauti zimegawana kipande hicho, kila moja ikioana na herufi zisizobadilika. Zote zikiwaka pamoja, dawa itafanya kazi. Moja ikibaki giza, au ikichelewa mno nyuma ya wenzake, hapo ndipo penye usugu. Giza lake linaaminika kwa sababu jirani zake wamewaka. Na kwa sampuli isiyo na kifua kikuu, katriji ina spora za bakteria mwingine na pini yao ya sita. Hiyo nayo isipowaka, kipimo ni batili na kinarudiwa.

Mwaka 2000 kundi la Weihong Tan katika Chuo Kikuu cha Florida liliielekeza pini kwenye vimeng'enya. Safari hii hakuna uzi wa kuoana nao. Kimeng'enya kinachokata DNA ya uzi mmoja kinakikata kitanzi. Shina fupi, likishakosa kitanzi cha kulishikilia, linaachana na mwanga unapanda. Kasi ya kupanda ndiyo kasi ya kimeng'enya, nayo inaonekana papo hapo, bila kusubiri vipande vitenganishwe kwenye jeli. Vimeng'enya vinavyounga DNA navyo vina njia yao: viweke vipande viwili, kila kimoja kikioana na nusu ya kitanzi. Kimoja kimoja ni dhaifu. Vikishaungwa, vinaifungua pini.

Hapa ndipo ninapoomba umakini wa kila anayebuni kipimo cha aina hii. Damu na chembe hai zimejaa vimeng'enya vinavyokata. Pini iliyotumwa kutafuta jeni inaweza kukatwa njiani ikawaka, na jeni isiwepo. Mkato ule ule uliokuwa jibu kwa Tan unakuwa uongo kwa mwingine, maana mwanga unasema tu kwamba ncha zimeachana. Kwa anayepima kimeng'enya, kilichoziachanisha kitajulikana kwa mirija ya pembeni: mmoja usiotiwa kimeng'enya, mmoja wenye kimeng'enya kilichouawa kwa joto, mmoja wenye kimeng'enya pamoja na kizuizi chake kinachojulikana. Mirija hiyo mitatu ikibaki giza, mwanga wa mrija wa nne, wenye kimeng'enya kizima, una haki ya kuaminiwa.