Walaji wa Shaba

Mtama ukishavunwa na mvua kukatika, wafua shaba wa Katanga walifunga mizigo, wakahamia machimboni na familia zao. Msimu wa kula shaba umeingia. Ndivyo walivyoiita kazi yao, na mmisionari Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne, aliyewashuhudia wazee wakiifanya tena, aliandika habari zao mwaka 1926 chini ya jina hilohilo.

Hawakuchimba kwa kubahatisha. Kilima chenye shaba nyingi hakioti miti. Huota nyasi na maua machache yanayostahimili udongo ule. Wanawake na watoto waliokota malakiti, jiwe la kijani, juu ya ardhi. Wanaume walishuka mashimoni na sururu za chuma.

Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, unaovumilia moto. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, nao hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na makaa ya miti migumu ya miombo, mivukuto ya ngozi, na macho yao. Makaa yalifanya kazi mbili: kuleta joto na kulinyang'anya jiwe oksijeni yake. Mvukutaji akizembea, jiwe hubaki jiwe. Akipuliza kupita kiasi, shaba iliyokwisha kutoka huungua tena. Kwa hiyo mikono ilipokezana saa baada ya saa bila kuharibu mwendo, na fundi mkuu akiusoma moto kwa rangi yake.

Shaba ya kwanza hutoka chafu. Waliiyeyusha upya katika tanuri dogo, wakaimimina kwenye kalibu, ikawa vipande virefu, majembe, au ile misalaba iliyoenea mbali ikitumika kama pesa. Katika makaburi ya Sanga, ukingoni mwa ziwa Kisale, misalaba hiyo imekutwa pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyopita ilizidi kuwa midogo na yenye vipimo vinavyokaribiana, jambo ambalo halitokei bila mkono uliozoea kupima.

Wayeke, waliotoka Unyamwezi pamoja na kiongozi wao Msiri katika karne ya 19, walikuwa mabingwa wa waya. Kipande cha shaba hufuliwa kwa nyundo hadi kiwe chembamba, ncha yake ikapitishwa kwenye tundu la bamba la chuma, kikavutwa kwa nguvu. Kisha tundu dogo zaidi, na jingine. Shaba ikivutwa sana hukakamaa na kukatika, basi hurudishwa motoni ilainike, halafu kazi ikaendelea. Mwishowe hupatikana waya mwembamba kama uzi wa kushonea, unaozungushwa kwenye nyuzi za mmea kuwa bangili. Subira ya namna hiyo sijui ninaweza kuilinganisha na nini.

Kampuni ya uchimbaji ya Union Minière ilikuja baadaye: iliundwa mwaka 1906, na tanuri lake la Lubumbashi likaanza kazi mwaka 1911. Mashimo ya zamani ndiyo yaliyowaonyesha wapimaji wake mahali pa kuchimba. Huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, shaba ilikuwa ikiyeyushwa tangu karne ya 4. Mwalimu anayeanza somo la shaba ya Katanga na kampuni hiyo anawaruka mafundi wa karne kumi na tano. Tafadhali, aanze nao.