Kizazi au Jamii? Uhakiki wa Nadharia ya Kujirutubisha kwa Vishada Tufe vya Nyota

Kwa muda mrefu kishada tufe, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota zilizofungamanishwa na uvutano katika umbo la tufe, kilichukuliwa kuwa mfano wa nyota zilizozaliwa pamoja kutokana na gesi ya aina moja. Mtazamo huo hauna mashiko tena. Kwa kutumia darubini ya anga ya Hubble, Bedin na wenzake (2004) walionesha kuwa safu kuu ya Omega Centauri imegawanyika, na Piotto na wenzake (2007) wakabaini safu kuu tatu katika NGC 2808. Katika vishada vingi, nyota zenye sodiamu nyingi huwa na oksijeni pungufu, ilhali kiwango cha chuma hakitofautiani sana.

Gratton na wenzake (2001) waliikuta hali hiyo hata katika nyota changa kimageuko za NGC 6752. Kwa kuwa kiini cha nyota hizo hakina joto la kutosha kuzalisha sodiamu, ni lazima ziliipokea kutoka kwingine. Hoja hii ni imara. Udhaifu unajitokeza pale chanzo kinapotajwa.

D'Ercole na wenzake (2008) wanadai kuwa nyota za uzito wa kati, zilipofikia hatua ya mwisho ya uhai wao, zilitoa gesi iliyotuama katikati ya kishada na kuzaa kizazi cha pili. Ubora wa nadharia hii ni kwamba inaeleza kwa nini chuma hakikuongezeka: gesi hiyo haikutokana na milipuko ya nyota kubwa. Hata hivyo, inakabiliwa na matatizo mawili ya msingi.

Tatizo la kwanza ni la tungamo. Gesi hiyo ni sehemu ndogo tu ya tungamo la kizazi cha kwanza, ilhali leo nyota zilizorutubishwa mara nyingi ndizo nyingi zaidi. Nadharia hulazimika kudai kuwa kishada kilikuwa na tungamo mara 10 au zaidi, kisha kikapoteza karibu nyota zake zote za awali. Larsen na wenzake (2012) waligundua kuwa katika galaksi ya Fornax nyota zilizotawanyika zenye metali chache hazitoshi: vishada vyake havikuweza kuzidi mara 4 au 5 ya tungamo la sasa.

Tatizo la pili ni la wakati. Nadharia inahitaji makumi ya mamilioni ya miaka kati ya vizazi. Katika NGC 1978, Martocchia na wenzake (2018) walipata tofauti ya umri isiyotofautiana na sifuri, kwa ukomo wa makosa wa miaka milioni 20.

Nadharia mbadala, ikiwemo ile ya nyota kubwa mno iliyopendekezwa na Denissenkov na Hartwick (2014), nazo hazijathibitishwa, kwani nyota za aina hiyo hazijaonekana. Kwa hiyo suala la istilahi si dogo. Neno "kizazi" linabeba dai la mzazi, mtoto na muda kati yao, yaani linatoa hukumu kabla ya ushahidi. "Jamii za nyota" hutaja kilichoonekana tu: nyota za kishada kimoja zenye kemia tofauti. Kiswahili cha sayansi, ambacho bado kinajenga istilahi zake, kinafaa kulichagua neno hilo, na "kizazi" kibaki kuwa jina la dhana inayopimwa.