Zimwi Likifa, Waliomezwa Wako Wapi?

Mjukuu wangu, msichana wa shule ya upili, ameniingiza katika manga uzeeni. Tulikuwa Wote, Makueni, likizo iliyopita aliponisukumia simu akifoka: "Babu, soma mwenyewe uone. Mtu ameua karibu dunia nzima, halafu wanamshukuru!" Alikuwa amemaliza Attack on Titan ya Hajime Isayama, sura 139 zilizochapishwa kati ya 2009 na 2021. Ilinichukua wiki tatu, miwani puani, kuifikia hasira yake.

Nami nilikasirika. Eren Yeager anaangamiza asilimia 80 ya wanadamu ili kuwaokoa wenzake wa kisiwani. Anauawa, ndiyo, tena na Mikasa anayempenda. Lakini machozi yote ya mwishoni anapewa yeye. Rafiki yake Armin anamshukuru; kaburi lake linapata mti na kivuli. Waliokanyagwa, ukiondoa wachache, hawana hata majina.

Kuna jibu rahisi ambalo sisi walimu wa fasihi hulitoa: mwandishi si hakimu. Nimewahi kulitumia jibu la jamii hiyo, na lingali linanikera. Mwaka 2014, Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora ikiwa kitabu teule cha KCSE, nilialikwa kuzungumza na watahiniwa katika shule moja ya Kitui. Msichana mmoja akasimama nyuma kabisa: "Prof, mbona Mtemi Nasaba Bora anajinyonga? Mbona hapelekwi kortini akajibu?" Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo haki ya kishairi, mwovu amevuna alichopanda. Darasa zima likaandika. Yeye hakuandika. Baadaye mwalimu wake akaninong'oneza kwamba kwao kulikuwa na kesi ya shamba iliyodumu tangu hajazaliwa.

Leo naona alikuwa msomaji bora kuniliko. Mtemi alimpora Chichiri Hamadi ardhi kwa hati bandia. Kitanzi kinamwadhibu, sawa, lakini pia kinamwokoa asiulizwe lolote mbele ya watu. Walibora anajitetea kwa kiasi kikubwa, maana ardhi inarudi kwa Amani, naye haikumbatii peke yake, anawagawia wengine. Hapo riwaya inampita Isayama kwa mbali. Bado nasema kile kitanzi kilikuja mapema mno, kana kwamba mwandishi naye aliogopa kumsikiliza Mtemi akijitetea.

Wazee wa Ukambani walilijua jambo hili bila digrii. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alikusanya ngano zao katika Akamba Stories, iliyotoka 1966. Katika ngano za mazimwi zinazosimuliwa huku kwetu, zimwi halifi tu hadithi ikaisha. Hukatwa kidole, na humo hutoka watu na ng'ombe wote lililowameza. Msimulizi akisahau kidole, watoto humgutusha: "Na wale wengine?" Hawajali sana zimwi limeteseka vipi. Wanataka watu wao.

Simdai mwandishi wa kisasa miujiza ya kidole. Wafu wa Isayama hawawezi kutoka, na anayo haki ya kumaliza kazi yake kwa uchungu. Ninachomdai ni kwamba asifunge kitabu akiwa amegeuzia mgongo waliomezwa, akimpangusa zimwi machozi. Vilevile nawadai watahini wenzangu, mimi nikiwemo, tuache kumpa alama kamili mtahiniwa anayeandika "maovu huadhibiwa" na kumnyima anayeuliza nani alilipwa.

Mjukuu ameshanitumia nyingine, manhwa ya Kikorea safari hii. Msichana ananyongwa kwa kosa la kusingiziwa, kisha anarudishwa utotoni ili alipize kisasi. Niko sura ya kumi. Nimemuuliza kama waliomsingizia watakuja kukiri hadharani. Amenijibu: "Babu, soma. Usitake nikuharibie."