Miaka 7 ni miaka 7: De Havilland alivyoishinda Warner

Olivia de Havilland ndiye Melanie, yule mpole wa filamu ya Gone with the Wind ya 1939. Mwaka 1943 mpole huyo aliishtaki Warner Bros., studio iliyomkuza, na akashinda. Alishindaje, ilhali mwigizaji mwenzake Bette Davis aligaragazwa na studio hiyohiyo jijini London mwaka 1936?

Mtego ulikuwa ndani ya mkataba wa De Havilland. Mkataba huo ulianza Mei 5, 1936, na uliipa studio hiari ya kumbakiza hadi miaka 7. Mwigizaji aliyekataa nafasi aliyopangiwa alisimamishwa bila mshahara, kisha muda wa adhabu ukaongezwa mwishoni mwa mkataba. De Havilland, aliyechoka kuwa mchumba wa shujaa, alikataa nafasi kadhaa. Mei 1943 ilipofika, aliambiwa bado anadaiwa takriban miezi 6.

Davis alikuwa ameuvunja mkataba katikati. De Havilland alisubiri miaka 7 itimie, kisha akaiomba mahakama itamke kwamba mkataba wake umekwisha. Wakili wake, Martin Gang, aliegemea sheria ya California iliyozuia mtu kulazimishwa kumtumikia mwajiri kwa mkataba uliopita miaka 7 tangu kazi ianze. Likabaki swali moja: inahesabiwa miaka ya kalenda au siku za kazi tu? Warner walidai ni siku za kazi, na kwamba nyongeza aliikubali mwenyewe.

Desemba 8, 1944, Mahakama ya Rufaa ya California ilijibu: ni miaka ya kalenda. Tena kinga hiyo ni ya manufaa ya umma, hivyo mfanyakazi hawezi kuisamehe hata kwa saini yake. Hapo ndipo mzizi ulipong'olewa. Bila hoja hii ya pili, studio zingeongeza kifungu cha kusamehe haki na mchezo ungeendelea.

Ushindi ulimgharimu. Jack Warner, mkuu wa studio hiyo, aliziandikia studio nyingine zisimwajiri, na kwa karibu miaka 2 hakuigiza filamu. Alitembelea wanajeshi majeruhi hospitalini. Aliporudi, To Each His Own ilimpa Oscar, The Heiress ikampa ya pili.

Alifariki Paris mwaka 2020 akiwa na miaka 104. Sheria ya miaka 7 bado inatumika California, na wengi huiita kwa jina lake.